Kumbe nyanya zenye makovu ndizo alizotupendelea mjomba!

MPENZI msomaji wa safu hii, leo kalamu imekuwa nzito kidogo mkononi. Wiki iliyopita tulimaliza ile mada ya wapangaji na wenye nyumba, nikaahidi kwamba leo tungeingia kwenye michango ya harusi. Naomba mnisamehe. Michango itasubiri, kwani lini michango ilishawahi kuisha? Leo nataka tuongelee kitu ambacho wewe msomaji umekila jana, na ukijaliwa utakila na leo. Nyanya.

Usicheke. Najua kuna atakayesema huyu dada kaishiwa, ameacha mambo ya mapenzi sasa anatuletea habari za sokoni. Soma kwanza, ucheke mwishoni kama utaweza.

Kwa wale wageni katika safu hii, mimi ni mtoto wa genge. Mama yangu ana genge Mbagala, meza ya mbao na mwavuli uliofifia rangi, na genge hilo ndilo lililonilisha, likanivisha na kunisomesha mpaka nikaishia kidato cha nne. Nyanya za genge letu hazitoki kwa dalali. Zinatoka Ilula, Iringa, shambani kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye amelima nyanya tangu mimi sijazaliwa. Fuso likishusha mzigo Soko la Ilala, mama anapigiwa simu, anakodi bajaji ya mizigo, na kabla jua halijapanda watu wameshaanza kuchagua mafungu.

Na nyanya za mjomba zina sifa mtaani. Kubwa, ngumu, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Jirani yetu, ambaye hapa nitamwita Mama Zuhura ingawa si jina lake, huwa hanunui pengine. Anakuja asubuhi na mjukuu wake mgongoni, anageuza moja moja, anachukua zile nzuri kuliko zote. "Hizi za mjukuu," anasema, "ameshaanza kula."

Sasa basi, pamoja na matenga hayo, kila mzigo ulikuwa unakuja na kiroba kidogo. Kimefungwa kwa kamba ya katani, na ubavuni kimeandikwa kwa mkaa: NYUMBANI. Ndani yake nyanya za kutia huruma. Ndogo, zimepinda, nyingine zina makovu, nyingine kitobo cha mdudu. Hizo ndizo tulizokula sisi, miaka yote. Mimi na kaka zangu tulikuwa tunamsema mjomba vibaya mno. Tajiri wa matenga, halafu damu yake anailetea makapi! Kaka yangu mkubwa alimpa jina, "Bwana Masalia".

Mama akitusikia ananyamaza tu, anakata kitunguu.

HUKO SIYO, MWANANGU

Mwezi Agosti mwaka jana nilikwenda Ilula. Nilipandia basi stendi ya Mbezi alfajiri, na jioni nikawa nimeshajifunika blanketi la mkaza mjomba, maana baridi ya Iringa haina utani. Kamwene, kamwene, salamu zikaisha, nikaoneshwa pa kulala. Siku ya pili yake, Jumatano, mkaza mjomba akanituma, nikachume nyanya za mboga ya jioni.

Mimi huyo na kibakuli changu mpaka shamba kubwa la kando ya mfereji. Bwana weee, shamba limependeza! Mistari imenyooka, miche imefungwa kwenye miti, nyanya zimening'inia mpaka unaona huruma kuzichuma. Nimeinama kuchuma ya kwanza, nikasikia sauti nyuma yangu.

"We mwanangu, huko siyo! Za kula ziko huku nyuma ya banda la kuku."

Nikageuka. Nikauliza, hizi je? Akajibu kama mtu anayesema leo kuna mawingu: "Hizo zimepuliziwa jana. Hizo ni za sokoni."

Msomaji, nilisimama pale na kibakuli changu, nikahisi kama mtu kanimwagia maji ya mtungi. Nikaenda nyuma ya banda la kuku. Nikaikuta bustani ndogo, haizidi vyumba viwili vya kupanga, imejaa samadi, vitunguu saumu pembezoni na mwarobaini mmoja unaohangaika na baridi. Na nyanya zake? Ndogo, zimepinda, zina makovu. Zile zile! Nyanya za kiroba.

Kumbe miaka yote hiyo mjomba hakuwa anatuletea makapi. Alikuwa anatuletea alizokuwa anakula yeye na watoto wake.

Alhamisi kabla ya jua kuchomoza vibarua wakaingia shamba kubwa wakachuma. Jioni Fuso likapakia, Ijumaa asubuhi mama alikuwa anapanga mafungu Mbagala. Hebu tuhesabu pamoja. Imepuliziwa Jumanne, imechumwa Alhamisi, Ijumaa mchana imeingia kwenye sufuria ya Mama Zuhura. Siku tatu. Kwenye kingo za mfereji niliokota chupa tupu ya ile dawa. Chini kulikuwa na mstari wa rangi ya njano, na kwa maandishi madogo ya kuumiza macho: usivune kabla ya siku saba.

MJOMBA ANAJIBU

Usiku ule tukiwa tunaota moto nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mjomba, naomba nikuulize kitu, ila usinikasirikie." Akasema, "Uliza, mjomba wangu." Nikamuuliza. Kimya. Akasogeza kuni, akacheka kidogo kicheko kisicho na furaha.

"Sikiliza," akasema. "Wewe unamjua kantangaze?"

Kama wewe msomaji humjui, kantangaze ni mdudu wa nyanya, kitaalamu anaitwa Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka bahari kuja Afrika, na mwaka 2014 akaripotiwa hapa kwetu Tanzania, kanda ya kaskazini. Kiwavi wake anaingia ndani ya jani na ndani ya tunda, anakula kwa raha zake, na akiachiwa anamaliza shamba zima. Wakulima wakampa jina hilo kwa uchungu, kama vile mdudu mwenyewe anasema: nenda ukanitangaze. Na kwa sababu anajificha ndani, na kwa sababu amezoea dawa nyingi, mkulima anajikuta anapulizia mara kwa mara, wengine wanachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja.

"Huyo mmoja," mjomba akaendelea. "Kuna bakajani. Ikinyesha mvua siku mbili na ukungu juu, usipopulizia, kesho shamba limekauka kama limemwagiwa maji ya moto. Pembejeo nimekopa. Mwenye Fuso anakuja siku anayotaka yeye, siyo siku ninayotaka mimi. Nikimwambia rudi baada ya wiki, anapakia kwa jirani. Sasa nikwambie lililo kubwa zaidi. Mwaka fulani nilimpelekea mama yako nyanya za samadi, tenga mbili. Unajua zilikwendaje? Zilibaki mezani mpaka zikaoza. Wateja wake walisema zina ugonjwa. Nyie wa mjini ndio mlionifundisha kupulizia, mjomba."

Nikakosa la kujibu. Akaongeza taratibu: "Na bomba nabeba mimi. Nikimaliza shamba lote kichwa kinaniuma mpaka usiku. Unadhani sumu inaanza kwa nani?"

Nilimtazama miguuni. Alikuwa na kandambili. Ndizo anazopulizia nazo, hana kinga ya pua wala glavu.

TUSICHANGANYE MAMBO

Niliporudi Dar sikulala vizuri. Nikaanza kusoma na kuuliza waliosoma, maana mimi Kemia yenyewe nilipata alama ambayo sitaki kuitaja mbele ya wasomaji. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mitaani tunachanganya vitu viwili. Mtu akisema "nyanya za kemikali" anaweka pamoja mbolea ya chumvichumvi na dawa za kuua wadudu. Si kitu kimoja.

Mbolea ni chakula cha mmea. Naitrojeni ya kwenye urea na naitrojeni ya kwenye samadi, ikishageuzwa na udongo, mzizi hauwezi kutofautisha. Mjerumani Fritz Haber ndiye aliyepata njia ya kutengeneza amonia kwa kutumia naitrojeni ya hewani mwaka 1909, Carl Bosch akaipeleka kiwandani mwaka 1913, na toka hapo dunia ikaweza kulisha watu wengi ambao bila hivyo wangelala njaa. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23. Ukitaka kiasi hicho kwenye samadi ya ng'ombe unazungumzia tani mbili na zaidi, na ng'ombe wenyewe mjomba anao watatu.

Ila samadi ina kitu ambacho urea haina. Inajenga udongo, unakuwa mlaini, unashika maji, unakuwa na wadudu wake wema. Urea ukiitumia peke yake miaka nenda miaka rudi, udongo unakuwa na tindikali na unachoka, na ukiimwaga bila kipimo nyingine inashuka na mvua mpaka mtoni. Sir Albert Howard, Mwingereza aliyekaa miaka mingi Indore kule India, alijifunza utengenezaji wa mboji kwa kuwatazama wakulima wa huko, akatoa kitabu mwaka 1940 akionya kwamba udongo ukipewa chumvi tu bila kurudishiwa mabaki ya mimea na samadi utakufa. Watu wa kilimo hai wanamhesabu kama mmoja wa wazee wao.

Dawa ni habari nyingine. Dawa imetengenezwa ili iue. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, dunia ikashangilia. Mwaka 1962 mwanamama wa Kimarekani, Rachel Carson, akaandika kitabu kueleza jinsi dawa hizo zinavyokaa kwenye miili ya ndege na samaki, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku DDT mashambani. Desemba 1984 huko Bhopal, India, gesi ilivuja usiku kwenye kiwanda cha dawa za wadudu, ikaua maelfu ya watu. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa ya shambani ni kama maji tu, mwambie akae chini umsimulie.

Lakini dawa zenyewe hazifanani. Ndiyo maana chupa zimewekwa mistari ya rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni ya kati, bluu ni ndogo zaidi, na kijani ni ile ambayo ukifuata maelekezo haitazamiwi kukudhuru. Na kila moja ina siku zake za kusubiri, nyingine tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne. Siku hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Ni muda wa jua na mmea wenyewe kuivunjavunja ile sumu mpaka ibaki kidogo. Ukivuna kesho yake, ni sawasawa na kuepua maharage yakiwa hayajaiva halafu ukalaumu maharage.

BASI TUACHE DAWA ZOTE?

Hapo ndipo nilipotaka kukimbilia, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningeandika hapa "dawa zote baharini!" na nyie mngenipigia makofi. Lakini kuna nchi ilishafanya hivyo. Sri Lanka, mwaka 2021. Rais wa wakati huo, Gotabaya Rajapaksa, alitaka nchi nzima iwe ya kilimo hai, na kufikia mwezi Mei serikali ikawa imezuia kuingiza mbolea na dawa za viwandani. Wakulima hawakuandaliwa, mboji ya kutosha haikuwepo. Mpunga ukashuka, chai ambayo inawaingizia fedha za kigeni ikashuka, nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaanza kununua nje. Novemba mwaka huo huo serikali ikarudi nyuma. Kosa halikuwa samadi. Kosa lilikuwa kumwamsha mtu usiku na kumwambia tembea bila magongo, hujampa hata siku ya kujaribu.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, na wenzao wa Minnesota, Marekani, walikusanya vipimo vya mashamba mengi wakaona kwamba kwa wastani kilimo hai kinatoa mazao pungufu kwa robo hivi, ingawa kwa baadhi ya mazao pengo ni dogo sana. Mwaka huo huo watu wa Stanford walipitia tafiti nyingi za vyakula. Hawakukuta ushahidi wa nguvu kwamba chakula hai kina virutubisho kuliko kingine, ila walikuta mabaki ya dawa ni machache zaidi kwenye chakula hai. Mwaka 2014 wengine wa Newcastle, Uingereza, wakasema hapana, vipo virutubisho fulani vilivyozidi. Wasomi wanabishana, lakini hilo la mabaki ya dawa hawalibishii sana.

Na msije mkadhani neno "asili" ni malaika. Wakulima wa kilimo hai nao wana dawa zao. Wengine wanatumia shaba kuzuia ukungu, na shaba haiozi, inakaa udongoni. Wengine wanatumia pareto, lile ua linalolimwa nyanda za juu kusini, na kiwanda chake kipo Mafinga, si mbali na kwa mjomba. Pareto inaisha nguvu haraka juani, sifa nzuri, lakini ikiingia bwawani samaki wanakufa. Na mwaka 2016 Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Hakuna kiwanda kilichotengeneza sumu ile. Ni ya asili kabisa.

Hata hivyo wapo wanaoweza, na siyo Ulaya, ni hapa hapa. Meatu kule Simiyu wakulima wanalima pamba hai tangu mwaka 1994. Morogoro kwenye vilima vya Uluguru kuna vikundi vinalima mboga kwa mboji na kuziuza mjini. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kiwango chao cha mazao hai na nembo yake inaitwa Kilimohai. Ukiiona kwenye pakiti, ujue kuna mtu aliyekwenda shambani akakagua. Tatizo ni kwamba nembo hiyo mimi sijawahi kuiona genge hata moja Mbagala, na mjomba hajawahi kuisikia.

SWALI MOJA TU

Kwa hiyo, msomaji wangu, nilibaki na nini? Nilibaki na swali moja ambalo naona linashinda maneno yote ya hai na kemikali. Muulize anayekuuzia, na yeye amuulize aliyemuuzia: "Hizi na wewe mwenyewe unazila?"

Mkulima anayekula shamba lake hilo hilo analouza, hata akipulizia, atasubiri siku saba bila kukumbushwa na mtu. Asiyekula, hata ukimpa dawa ya mstari wa kijani atakuvunia kesho yake. Tatizo la mjomba halikuwa bomba peke yake. Tatizo lilikuwa yale mashamba mawili, moja la watu na moja la nyumbani.

Nikamweleza mama yote jikoni. Nilidhani atashtuka, atalia, atampigia mdogo wake simu amtukane. Hakufanya hata moja. Aliendelea kukata kitunguu. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

Akakaa muda. Halafu akasema, "Nilijua ni za nyumbani. Sikuuliza kwa nini."

Sikumlaumu, na wewe naomba usimlaumu. Ada zangu zilitoka kwenye meza ile. Lakini asubuhi yake Mama Zuhura alikuja na mjukuu mgongoni, akaanza kugeuza nyanya moja moja, na nikamwona mama anatazama pembeni. Alipoondoka mama akaniambia, "Mpigie mjomba wako."

WALIVYOKUBALIANA

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa asali. Mjomba alikasirika kwanza, akasema mjini mnajifanya mnajua. Baadaye akapoa. Makubaliano yenyewe ni haya: kila anapopulizia anaandika siku kwenye daftari la mwanawe la hesabu, na mzigo wa mama hauchumwi mpaka siku za chupa ziishe. Anatumia dawa moja moja, siyo kuchanganya. Amefunga mitego ya harufu ya kukamata madume ya kantangaze, na majani yaliyoliwa anayatoa mapema na kuyafukia. Robo eka ameitoa kwenye shamba kubwa anajaribu samadi na mboji. Na mimi kwa senti zangu za safu hii nimemnunulia viatu vya mpira, glavu na kinga ya pua. Viatu anavaa. Ile ya pua anasema inamziba pumzi, tunaendelea kubishana.

Hasara zipo. Mara ya kwanza mwenye Fuso alikataa kusubiri, mzigo ukachelewa siku nne, ukafika umeiva kupita kiasi, mama akauza nusu kwa bei ya kutupa mwenye mgahawa. Robo eka ya samadi mvua iliichapa na bakajani ikachukua kama theluthi. Mama alinitazama jioni ile akasema, "Haya ndiyo uliyoyataka?" Sikujibu. Wiki iliyofuata alimpigia mjomba mwenyewe kuuliza tarehe.

Sasa mezani kuna kipande cha boksi nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito: ZIMESUBIRI SIKU SABA. Wengine wanacheka, wanauliza zilikuwa zinamsubiri nani. Wengine wanauliza maana yake, na tukiwaeleza wanakaa kidogo wanafikiri, halafu wananunua kama kawaida. Wawili watatu hurudi na jirani zao. Hatujatajirika.

Na wewe usiache mboga kwa woga, maana kukosa mboga nako ni ugonjwa. Osha nyanya zako kwa maji yanayotiririka huku unazisugua kwa mkono, ule unga mweupe usiudharau, na ukiweza menya ganda. Kuosha kunapunguza kilichopo juu, hakutoi kilichozama ndani. Kwa hicho kilichozama, hakuna dawa ila zile siku za kusubiri. Na siku moja moja ukikuta nyanya ina kovu, usiirushe pembeni kwa dharau kama tulivyokuwa tunafanya sisi kwa Bwana Masalia. Kila unapoikataa, kuna mkulima mahali anajaza bomba.

Mama Zuhura bado anakuja kila asubuhi, na bado anachagua zile zinazong'aa. Tulimweleza, akasikiliza, akasema macho yake yameshazoea. Sawa tu. Siku hizi hata zinazong'aa zimesubiri.

Na kile kiroba? Kinakuja bado, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimeandikwa NYUMBANI kwa mkaa. Mjomba hataki kuacha. Ila mama sasa akikipokea hakipeleki jikoni. Anakifungua pale pale, anakimwaga mezani katikati ya zile nyingine, anapanga mafungu. Jioni akifunga genge tunabeba zilizobaki, zozote zile, ndizo tunazopikia.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, michango ya harusi, na safari hii sitawaangusha. Kaeni salama.